Mgongo hauji peke yake: beba dawa zako zote kwenye mfuko

Ilikuwa saa 11 na dakika 40 alfajiri, mwezi wa pili, nje barafu imeganda mpaka mlango wa gari unafunguka kwa kuvutana nao, na mimi nilikuwa namtoa bibi mmoja kitandani kumweka kwenye kiti cha magurudumu. Naishi Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, kazi yangu ni kuangalia wazee, ile kazi ambayo Waswahili wengi wa huku tumepitia au bado tunaifanya. Mashine ya kunyanyulia wagonjwa ipo ila ni moja kwa korido nzima, na asubuhi kila mtu anaitaka, nikasema moyoni ah, bibi mwenyewe mwepesi. Nikainama, nikamkumbatia, nikasikia kitu kwenye kiuno kama kamba imekatika. Bibi nilimfikisha kwenye kiti salama, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo, halafu nikashika ukuta nikabaki hapo hapo sipumui vizuri.

Nina miaka 52. Kisukari nilikuwa nacho mwaka wa 9, presha tangu mimba yangu ya mwisho, uzito kilo 94. Nayasema haya mapema kwa sababu mimi mwenyewe sikuyasema mapema, na ndiyo maana ya kuandika makala hii yote.

Wiki 3 za mwanzo nilijitibu. Hapa ibuprofeni inauzwa dukani kopo zima la vidonge mia 5, hakuna anayekuuliza kitu, basi nilikuwa nameza 4 asubuhi 4 mchana 4 usiku, naenda shifti, narudi, najilaza sakafuni miguu juu ya kochi maana ndiyo mkao pekee uliokuwa unanipa nafuu. Mtoto wangu wa mwisho anapita ananiruka kwenda jikoni. Ikifika usiku maumivu yanashuka kutoka kiunoni yanapita kwenye tako la kushoto yanakwenda mpaka nyuma ya goti, na miguu yote miwili chini inawaka moto, nikaona hii yote ni mgongo tu, mgongo umeharibika mwili mzima unaumia.

Mfanyakazi mwenzangu akaniambia nenda kanyooshwe. Davenport kwenda kunyooshwa mgongo ni kama Tanga kwenda kununua samaki, huulizi wapi, sababu yake nitaieleza mbele. Nikaenda sehemu ya kwanza iliyokuwa njiani kwangu. Nikapewa fomu kurasa 4. Mgongo nikaujaza vizuri, nikachora mpaka pale panapouma kwenye ile picha ya mwili wa mtu. Yaliyobaki yote nikaweka hapana. Kisukari, hapana. Presha, hapana. Dawa unazotumia, nikaacha wazi. Sikuwa na nia mbaya jamani, akilini mwangu kisukari kina daktari wake, presha ina daktari wake, hapa nimeleta mgongo. Kama vile mtu anavyopeleka redio kwa fundi, haendi kumweleza habari za friji.

Wala yule tabibu hakuuliza. Alisoma fomu kwa kuipitisha macho, akanilaza ubavu, akaukunja mguu wangu, akasukuma, mgongo ukalia ko ko ko, dakika 10 nimemaliza. Nilitoka nikiwa mwepesi kweli, nisiseme uongo, kama masaa 6 hivi. Kaunta nikaambiwa mgongo wangu unahitaji mara 36, nikilipa zote kwa mkupuo napata punguzo. Nikalipa ya siku ile nikaondoka, na siku ya tatu maumivu yalikuwa palepale.

Sehemu ya pili nilipelekwa na dada mmoja wa kanisani. Huyu tabibu, kijana tu, angeweza kuwa mwanangu, kabla hata hajaniambia nikae alichukua kile kitambaa cha kupimia presha akanifunga mkononi. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mgongo. Akasema najua, ila mgongo umekuja na mwenyewe. Akapima, akangoja dakika 5, akapima mkono wa pili. 182 kwa 104. Akaniuliza unatumia dawa gani, nikamtajia ya presha moja, akauliza nyingine, nikataja ya kisukari, akauliza na za dukani je, nikasema hizo si dawa ni za maumivu tu, na hapo ndipo alipoweka kalamu chini.

Hakuninyoosha siku ile. Nilikasirika, nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nimelipa dola 30 za kuchangia bima, halafu naambiwa leo sikugusi mpaka daktari wako aione hii presha. Alimpigia mwenyewe daktari wangu nikiwa nimekaa pale pale. Akaniambia ukirudi usiandike orodha ya dawa, zibebe zenyewe zote kwenye mfuko, za hospitali, za dukani, za kienyeji, za kupaka, hata chai unayoamini ni dawa. Nimeshaonwa na madaktari miaka 9 ya kisukari na huyo wa mgongo ndiye wa kwanza kuniambia lete mfuko mzima.

Kesho yake nilikuwa hospitali wamenitoa damu. Kreatinini, kile kipimo cha figo, ilikuwa imepanda kutoka 0.9 hadi 1.6. Daktari alinieleza kwa namna ambayo mpaka leo naweza kumweleza mtu mwingine. Figo ni kama chujio lenye bomba la kuingiza damu na bomba la kutoa. Dawa yangu ya presha, lisinoprili, inalegeza bomba la kutoa. Ibuprofeni inabana bomba la kuingiza. Na ile dawa ya kukojosha niliyopewa pamoja na ya presha inapunguza maji yenyewe kwenye mfumo. Kila moja peke yake mwili unahimili, zikikutana 3 chujio linakosa msukumo, figo inaanza kuzimika kimya kimya na wewe huna dalili yoyote zaidi ya miguu kuvimba kidogo ambayo unasingizia kusimama shifti nzima. Na juu ya hapo ibuprofeni yenyewe inapandisha presha. Kwa hiyo mimi nilikuwa nameza dawa ya kushusha presha asubuhi, halafu dawa ya kuipandisha mara 3 kwa siku.

Niliacha ibuprofeni, baada ya siku 10 kreatinini ikashuka hadi 1.0, presha ikarudi kwenye 140. Nikifikiria wangapi nyumbani wanameza diklofenaki, ambayo ni ndugu yake ibuprofeni, kila siku kwa ajili ya kiuno huku wana presha, kila duka la dawa unapewa, wengine wanachomwa na sindano yake kabisa, roho inaniuma.

Sasa kuhusu Davenport. Huu mji ndipo kairopraktiki, yaani hii tiba ya kunyoosha mgongo kwa mikono, ilipozaliwa. Tarehe 18 Septemba 1895, kwenye jengo moja kona ya mtaa wa Brady na wa pili, bwana mmoja mzaliwa wa Kanada anaitwa D.D. Palmer, ambaye kabla ya hapo alikuwa anatibu watu kwa sumaku, alimsukuma pingili ya mgongo msafisha jengo aliyekuwa na tatizo la kusikia kwa miaka 17. Msafisha jengo huyo alikuwa mtu mweusi, jina lake Harvey Lillard. Palmer akasema masikio yalifunguka. Wengine wameisimulia habari hiyo tofauti na madaktari wengi hawaikubali, ila kinachonigusa mimi ni kwamba mgonjwa wa kwanza kabisa wa tiba hii alikuwa mfanyakazi, mtu wa kuinama na kunyanyua, na hakuja kwa ajili ya mgongo. Palmer akafungua shule, bado ipo, iko juu kwenye kilima cha mtaa wa Brady, mimi napita pale na basi kila siku kwenda kazini. Mwaka 1906 Palmer alifungwa jela kwa kutibu bila leseni. Mwanawe B.J. akaikuza shule, akawa na redio yake, ndiyo ile redio ya WOC ambayo Ronald Reagan alitangaza kabla hajawa mwigizaji wala rais.

Palmer mzee alifundisha kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote yanatokana na pingili zilizohama. Hilo nalitaja kwa sababu halijafa. Bado utakutana na mtu, huku na hata nyumbani siku hizi maana vituo vimefunguliwa Dar na Nairobi, anakwambia akikunyoosha mgongo kisukari kitapona, presha itashuka acha dawa. Tafadhali usiache dawa. Mwaka 1895 mtu wa kisukari kile cha utotoni alikuwa anakufa, na insulini ndiyo iliyomwokoa kuanzia 1922, si kunyooshwa. Kijana wangu yule wa mgongo amesoma na amenieleza hayo bila kuficha, akaniambia mimi naweza kukusaidia utembee, na ukitembea kisukari chako kitafaidika, basi, zaidi ya hapo ni daktari wako.

Na ile sauti ya ko ko ko si mfupa unarudi mahali pake. Nilikuwa naamini hivyo kabisa. Kumbe ndani ya kiungo kuna ute, ukivutwa ghafla panatokea uwazi wa gesi ndani yake, ni ile ile ya kuvunja vidole. Nafuu unayopata inatokana na misuli kulegea na neva kupokea habari tofauti kwa muda. Ni nafuu ya kweli, ila haina maana kwamba kulikuwa na kitu kimehama.

Niliporudi na mfuko wangu alimwaga dawa zote mezani, vidonge, dawa ya kuchua, unga wa mlonge niliotumiwa na dada, akaviangalia kimoja kimoja. Halafu akasema vua soksi.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho kinawachanganya wengi wenye kisukari. Nilikuwa na maumivu ya aina 2 nikiyaita jina moja. Lile linalotoka kiunoni kwenda tako hadi nyuma ya goti, upande mmoja tu, kama waya umevutwa, likizidi nikikohoa, hilo lilikuwa la mgongo kweli, diski, ule mto laini ulio kati ya pingili na pingili, inakera neva. Lakini ile ya nyayo kuwaka moto, miguu yote miwili sawasawa, kama umevaa soksi za pilipili, usiku inazidi, haina habari na kuinama wala kukohoa, hiyo ilikuwa sukari imeanza kula neva za miguu. Alinigusa nyayo kwa kiuzi kigumu kama cha kuvulia samaki nimefumba macho, nikawa sikisikii sehemu 4 kati ya 10. Akaweka kile chuma kinachotetemeka kwenye dole gumba, nikasema hakitetemeki, kumbe kinatetemeka. Nililia. Miaka 9 ya kisukari, nikawa nasingizia mgongo.

Laiti ningelipia zile mara 36 ningekuwa nanyooshwa kiuno huku miguu inaendelea kufa ganzi, na kila ikizidi kuwaka moto ningeambiwa mgongo bado haujakaa sawa.

Kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 2019 walikusanya tafiti nyingi pamoja wakaona wenye kisukari wana uwezekano wa asilimia 35 zaidi wa kuumwa mgongo wa chini kuliko wasio nacho, na hawakusema moja kwa moja kwamba kisukari ndicho kinasababisha, maana uzito na kutotembea vinaingilia pande zote. Lakini fikiria tu jinsi diski ilivyo. Katikati yake haina mishipa ya damu, chakula chake kinapenya polepole kutoka kwenye pingili za jirani, na kinapenya vizuri ukitembea kwa sababu diski inabanwa na kuachiwa kama sponji. Sasa sukari ikiwa juu miaka na miaka nyuzi za mwili zinakakamaa, mishipa midogo ya damu inaharibika, mtu hatembei kwa sababu anaumwa, asipotembea sukari inapanda, ikipanda halali anakwenda chooni usiku mara 4, asipolala maumivu yanaongezeka. Huwezi kuchukua kipande kimoja ukakitibu ukakiacha kingine.

Naomba nieleze na habari ya sindano, maana hii hakuna aliyeniambia. Baadaye, maumivu ya mguu yalipogoma, nilipelekwa kliniki moja ya maumivu nikachomwa sindano ya steroidi karibu na uti wa mgongo. Mguu ulipoa vizuri. Usiku wa pili nikawa na kiu ya ajabu, nakojoa tu, nikapima sukari nikakuta 380, kwa vipimo vya kwetu Tanzania ni kama 21. Nilidhani mashine imeharibika nikapima tena. Kumbe steroidi inapandisha sukari kwa siku kadhaa, ni jambo linalojulikana, wewe mwenye kisukari unatakiwa uambiwe mapema upime mara nyingi na ikibidi dawa iongezwe kwa siku hizo. Kliniki ile ilikuwa na faili langu. Mimi sikutaja kisukari kwa mdomo, wao hawakuuliza kwa mdomo, faili likabaki kabatini. Tangu siku hiyo nikiingia chumba chochote cha mtu wa afya, hata wa meno, sentensi yangu ya kwanza baada ya salamu ni nina kisukari na presha na dawa zangu hizi hapa.

Matibabu yenyewe yalikuwa ya polepole. Hakuwa ananisukuma kwa nguvu kama yule wa kwanza. Ana kitanda kinachokatika katikati, unalala kifudifudi, sehemu ya miguu inashuka na kupanda taratibu mgongo unafunguka bila kupigwa. Shingo yangu nilimwambia asiiguse, sina tatizo la shingo na nina presha, akakubali bila ubishi. Mara 8 kwa wiki 6. Nikataka picha ya MRI, akaniambia ukipigwa leo kwa umri wako wataona diski zimechakaa, maana watu wa miaka 50 ambao hawaumwi kabisa asilimia 80 wanaonekana hivyo kwenye picha, halafu utaanza kujiona umevunjika. Tutaipiga kama mguu ukipoteza nguvu.

Kila nikitoka aliniandikia dakika. Wiki ya kwanza kutembea dakika 10 kila siku, ya pili 15, mpaka 30. Nilikuwa nateremka mtaa wa Brady mpaka mtoni, Mississippi pale inapita kwa upana kama bahari ndogo, natembea kando ya bustani hadi naliona daraja la kwenda Rock Island vizuri, narudi. Siku za baridi kali natembea kwenye korido ya supamaketi. Mwanzoni nilikuwa naogopa, nilikuwa nahisi kila hatua diski itachomoka, na yeye alinieleza kwamba ule woga ni sehemu ya ugonjwa. Mwaka 2024 Waaustralia walitoa matokeo ya watu 701 waliokuwa wamepona mgongo, nusu wakafundishwa mpango wa kutembea, waliotembea walikaa kwa kawaida siku 208 kabla mgongo haujawarudia, wasiotembea siku 112. Na kutembea huko huko kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 kilitoka asilimia 9.1 kikaja 7.4, presha 132. Mguu mmoja unaotembea unatibu vitu 3, na ni bure, ila mtu anayeumwa ukimwambia katembee bila kumshika mkono anakuona humpendi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa mgongo sugu Desemba 2023, na mambo yake ni haya haya: kumwelimisha mtu, mazoezi, kunyooshwa na kuchuliwa vikiwa sehemu ya mpango, msaada wa kisaikolojia. Mikanda ya kiuno hawaipendekezi kama tiba ya kawaida, wala kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa kali za jamii ya mofini. Mkanda nilikuwa nao wa dola 45, niliuvaa shifti zote. Wanakadiria mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa wanaumwa mgongo wa chini na ifikapo 2050 watakuwa milioni 843. Na kwa karibu asilimia 90 huwezi kuonyesha kidole mahali pamoja ukasema hapa ndipo penye ubovu.

Kuhusu kulala na kuhuzunika nitasema kwa kifupi kwa sababu bado ni kugumu kwangu. Aliniuliza unalala vipi, nikasema vizuri. Akauliza tena wiki nyingine, nikasema vizuri. Wiki ya tatu nikamwambia naamka saa 8 usiku nawaza nani atawalipia watoto ada nikishindwa kazi, na kwamba kuna siku sioni sababu ya kuamka. Aliandika, akaomba ruhusa ya kumwambia daktari wangu, nikakubali. Nilipewa duloksetini, ambayo ni ya sonona na wakati huo huo inapunguza maumivu ya neva za kisukari na ya mgongo sugu, ila nayo inabidi presha ifuatiliwe. Sisi tukiulizwa mambo ya moyo tunajibu tuko salama, ni adabu zetu. Kwa daktari adabu hiyo iache mlangoni.

Nyumbani Pangani shangazi yake mama alikuwa mchuaji, watu walikuja kwake kutoka Mwera hadi Kipumbwi. Nilikuwa namshikia kibakuli cha mafuta ya nazi ya uvuguvugu. Kabla hajamgusa mtu alikuwa anamuuliza maswali mpaka mimi mtoto nachoka: ulianguka au imekuja tu? Una mimba? Usiku unaumia zaidi au mchana? Umekonda? Mkojo unatoka vizuri? Kuna mtu alimrudisha bila kumchua, akamwambia wewe mwanangu nenda hospitali ya Bombo kule Tanga, mgongo wako una kinundu na una homa za jioni, mimi siuwezi. Ilikuwa kifua kikuu cha mifupa, kinachokula pingili za mgongo, na mtu huyo alitibiwa dawa akapona. Bibi hakusoma darasa lolote. Maswali yale yale niliyakuta kwenye kile chumba Davenport, yamechapishwa kwenye karatasi.

Kwa hiyo dada yangu alipopiga simu juzi, ameona video za watu wanavunjwa mgongo wanatoka wanaruka, anataka kutafuta wa kumvunja hapo Tanga, nilimuuliza kwa mpangilio wa bibi. Dada, maumivu yanakuamsha usiku hata ukiwa umelala? Umekonda bila kujua sababu? Una homa? Uliwahi kuwa na saratani yoyote, ya titi je? Sehemu ya siri na ndani ya mapaja, pale ungekalia tandiko la baiskeli, pana ganzi? Mkojo umegoma au haja inatoka bila kujijua? Miguu inalegea? Akasema we vipi, kiuno tu. Nikamwambia nijibu. Hilo la ganzi ya kwenye tandiko na mkojo kugoma ni la kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo, usiku huo huo, neva za mwisho wa uti zinakuwa zimebanwa na zikichelewa hazirudi. Akajibu yote hapana, ila akasema anameza diklofenaki na dawa ya presha. Tukaanza hapo.

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mama mmoja Mkongomani kutoka Moline, ng'ambo ya mto, miaka 63, alifanya kazi kiwanda cha nyama miaka 6. Kiingereza hakipandi, mimi namtafsiria. Njia nzima alikuwa anasema mugongo inaniuma sana, mugongo tu, bibaki byote niko muzima. Nilikuwa nimemwambia mapema alete dawa zake na alikuwa amezileta kwenye mfuko mweusi wa plastiki umefungwa fundo. Kijana akalifungua fundo, akatoa metfomini ya kisukari, akatoa ya presha, akatoa Panadol, halafu chini kabisa pakiti 3 za predinisoloni alizoletewa kutoka Bukavu, anazimeza kwa ajili ya pumu, kila siku, miaka 12. Yeye haziiti dawa, anaziita za kupumua.

Kijana alisimama na ile pakiti mkononi. Dawa hiyo nayo ni steroidi, ikimezwa miaka inadhoofisha mifupa, pingili inaweza kupasuka kwa kukohoa tu, sembuse kulazwa ubavu na kusukumwa. Akaniambia mwambie leo simnyooshi, tunapiga picha ya mfupa kwanza, na mwambie asiziache hizi ghafla maana mwili wake umezizoea, zinapunguzwa na daktari kidogo kidogo. Nikamtafsiria. Mama akakaa kimya muda mrefu anaikunja ile plastiki, akaniuliza, je, na ile sindano ya pumu nilichomwa kambini kule Uganda, hiyo nayo nimwambie?

Nikamwambia mwambie, mama. Mwambie yote, tuna muda.